Makopo Matatu ya Kahawa

Bunduki ya baba mkwe wangu niliipokea ikiwa ndani ya makopo matatu ya kahawa. Kopo la kwanza lilikuwa na skrubu, la pili pini na springi, la tatu vipande vikubwa: nyundo, boliti, wenzo, na chuma kimoja kilichopinda ambacho sikujua hata mbele yake ni wapi. Mtutu ulikuwa umesimama peke yake kwenye kona ya chumba cha chini ya nyumba, na kitako kimezungushiwa taulo la jikoni. Vyote vilikuwa na kutu ya juu juu, rangi ya ugoro.

Aliyeifungua ni mwenyewe. Kila mwaka, msimu wa kuwinda ukiisha, alikuwa akishuka humo chini, anaifungua yote, anaifuta, anaitia mafuta na kuifunga kabla ya chakula cha usiku. Amefanya hivyo zaidi ya miaka arobaini. Kisha ikaja Desemba moja akashuka, na muda wa kula ukafika hajapanda. Mama mkwe alipomfuata alimkuta amekaa kwenye stuli, vipande vimepangwa vizuri juu ya gazeti, mikono yake imelala mapajani. Akamwambia mkewe kwamba kuna mtu amekuja kuchanganya vipande. Hakuna mtu aliyekuja. Ugonjwa ulipewa jina na daktari miezi minane baadaye, lakini mama mkwe akikuhadithia huanzia usiku ule, kwenye gazeti lile.

Daktari alipolitaja jina la ugonjwa alitaja na silaha. Alisema nyumba yenye mtu anayepoteza kumbukumbu isikae na bunduki inayoweza kulia. Baba mdogo wa mume wangu akaja na gari, akabeba bunduki tatu kutoka kwenye kabati la chuma. Hii ya nne hakuna aliyeikumbuka. Nani angeyatazama makopo ya kahawa akaona bunduki?

Mzee ndiye aliyeikumbuka. Aliiulizia asubuhi, aliiulizia jioni, na katikati ya usiku aliamka kwenda kuitafuta kwenye banda la nyuma, huko nje, katika baridi ya kaskazini mwa Wisconsin ambayo sina haja ya kuieleza. Ndipo mama mkwe aliponiita jikoni. Alikuwa ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na chuma chembamba, kirefu kuliko kidole changu cha kati.

"Ifungeni," alisema. "Aione imekamilika, labda atalala. Lakini hii usiirudishe. Kaa nayo wewe."

Nilikaa nayo.

Kwa nini mimi? Mume wangu ni mtoto wao wa pekee na anafanya kazi siku za mwisho wa wiki, hiyo ndiyo sababu anayoitoa. Sababu nyingine ni kwamba hapendi bunduki, na hapendi zaidi kumwona baba yake akishindwa jambo alilomfundisha yeye kushindwa. Mimi nimekulia Tukuyu chini ya meza ya cherehani ya mama yangu. Kabla sijajua kusoma nilijua kuitoa shato ya Singer, kuipuliza vumbi, kuitia tone la mafuta na kuirudisha bila kubakiza kipande mkononi. Mama mkwe alikuwa ameniona nikimtengenezea ya kwake. Kwa hesabu yake chuma ni chuma.

Lilikuwepo jambo ambalo hakulijua, na sikumwambia. Mimi ni Mnyakyusa. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakai pamoja. Mama yangu alikuwa akimwona baba mkwe wake anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Hakumtazama usoni, hakulitaja jina lake, wala neno lililofanana na jina lake. Hawakuwa na ugomvi, ile ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Mimi nilisoma, nikaondoka, nikaolewa mbali, nikadhani nimeyaacha hayo Mbeya stendi. Jumamosi ya kwanza nilipovuta stuli na kukaa bega kwa bega na baba mkwe wangu, magoti yetu yakikaribia kugusana chini ya taa, mgongo wangu wote ulikuwa unatafuta migomba.

Nilimwita Mzee. Nilishamweleza maana yake tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, akalipenda neno. Jina langu lilimtoka mapema katika ugonjwa, lakini hilo lake la Kiswahili alibaki nalo.

Niseme pia, kwa anayejiuliza, kwamba Marekani kuna sheria ya shirikisho inayowazuia wageni wengi wenye viza za muda kumiliki au hata kushika bunduki. Mimi wakati huo nilikuwa tayari nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Niliisoma sheria hiyo mara mbili kabla sijagusa kopo. Mtu mweusi mwenye lafudhi hagusi vitu vya namna hiyo kwa kubahatisha.

Bunduki yenyewe ni Winchester modeli ya 94. Iliyobuniwa na John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Utah, ikapata hataza mwaka 1894, na jina likatoka hapo. Mwaka uliofuata ikapata risasi yake, .30-30, ya baruti isiyo na moshi. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba, nyingi New Haven, Connecticut, mpaka kiwanda cha huko kilipofungwa mwaka 2006. Wanaozijua huzigawa mafungu mawili, za kabla ya 1964 na za baadaye, kwa sababu mwaka huo kiwanda kilibana gharama, na kinyanyulio cha risasi kilichokuwa kikichongwa kutoka chuma kizima kikaanza kutengenezwa kwa bati la kukunja. Hii yetu ni ya kabla. Baba yake Mzee aliinunua dukani, duka lile lile alilonunua misumari.

Ukiishika utaelewa kwa nini watu wanaipenda, hata kama wewe, kama mimi, bunduki uliyoizoea ni ile ya mlinzi wa benki. Ni nyembamba na fupi, inaingia mkononi kama mpini wa jembe uliozeeka. Chini yake kuna wenzo, kitanzi cha chuma kinachokaa vidole vitatu. Ukiusukuma mbele, tumbo la bunduki linafunguka, boliti inarudi nyuma, inalitoa ganda na kulirusha juu, na kuikandamiza nyundo ikae tayari. Ukiurudisha, risasi mpya inaingia chemba. Risasi zenyewe hulala foleni ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile, ndiyo maana hufanywa butu. Yenye ncha kali ingeweza kumlipua mwenzake humo humo bombani.

Na pini niliyopewa? Nyundo haiigusi risasi. Nyundo inapiga kipande kifupi kilichomo kwenye kufuli la nyuma, kipande hicho kinaisukuma pini ndefu iliyolala ndani ya boliti, na pini ndiyo inayodunga kitako cha risasi. Mpangilio huu una akili: boliti isipofungwa sawasawa, vipande hivyo haviko kwenye mstari mmoja. Ukiiondoa pini, wenzo utakwenda na kurudi, nyundo itaanguka, kila kitu kitacheza. Ila risasi haitalia.

Tulianza na kutu. Nilikuwa nimekuja na msasa, Mzee akauchukua mkononi mwangu akautupa kwenye pipa la taka bila kusema neno. Tukatumia stilwaya, ile laini kabisa ya sifuri nne, iliyochovywa mafuta, tukisugua polepole mpaka rangi ya ugoro inahamia kwenye kitambaa na ile nyeusi-samawati ya kiwandani inabaki. Mahali pamoja chini ya bunduki, pale inapoening'inia mkononi mtu akitembea nayo, hiyo rangi ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kimekuwa cheupe. Nikapaendea hapo kwa bidii, nikidhani ni uharibifu. Akanishika kifundo cha mkono.

"Kutu toa," alisema. "Uzee acha."

Alisema kwa Kiingereza, bila shaka, na kwa maneno mengi kidogo kuliko hayo. Lakini mimi nililisikia hivyo na ndivyo nilivyolihifadhi. Ule weupe ulikuwa ni mkono wake na wa baba yake, miaka yote ya kutembea msituni.

Bisibisi nazo zilikuwa somo. Za dukani zina ncha inayokonda kama kabari, ukikaza inapanda na kukitafuna kichwa cha skrubu. Za mafundi bunduki zina ncha iliyonyooka ubavu kwa ubavu, inayojaa mfereji wote. Alikuwa na seti nzima kwenye kipande cha ngozi, na kila skrubu alikuwa anajua bisibisi yake. Hakujua ni mwezi gani. Aliniuliza kama mimi ni muuguzi. Lakini nilipochukua bisibisi isiyo yenyewe alipiga ulimi, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa iliyo sahihi. Nilijifunza kusubiri. Nikimwuliza, "Hii inakwenda wapi?" alichanganyikiwa, anatazama kipande kama barua ya lugha ngeni. Nikikiweka kiganjani mwake bila swali, vidole vilikigeuza mara mbili, kikaenda kwake.

Katikati ya kazi alikuwa akinihadithia habari za Roosevelt. Akishasikia tena kwamba natoka Afrika Mashariki anaweka kitambaa chini, macho yanachangamka: je, ninajua kwamba Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909, ametoka tu kuwa rais, amebeba Winchester ya wenzo? Modeli ya 1895, dada ya hii, mbuni ni huyo huyo Browning, ila yenyewe risasi zinakaa kwenye kisanduku badala ya bomba. Nilikuwa na maoni yangu kuhusu Roosevelt na wanyama wetu, na Jumamosi ya kwanza niliyatoa. Akacheka, akakubali kwamba alizidisha. Jumamosi ya pili Roosevelt alishuka Mombasa upya. Kwa wiki kumi na moja hakukosa meli.

Tulikuwa tunaifunga na kuifungua. Hilo sikulitarajia. Nilidhani tutaifunga mara moja, lakini hatukumaliza kwa siku moja hata mara moja, na Jumamosi iliyofuata alikuwa anataka kuanza mwanzo, kwa kuwa hakukumbuka kama tulianza. Sehemu ngumu ni pini ya wenzo. Ubavuni mwa bunduki kuna tundu dogo, na pini hiyo hupita pale tu boliti, wenzo na tundu vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Unasukuma boliti unywele mmoja, unachungulia, umepitiliza, unarudisha. Nililaani kwa Kinyakyusa. Yeye alifumba macho, akasukuma kwa dole gumba, akasema "sasa".

Na kila tulipofika kwenye boliti, kabla ya kuitia ndani, aliinua, akaigeuza, akatazama tundu lake la nyuma, akaniuliza: "Pini iko wapi?"

Mara ya kwanza nilimwambia tumeiagiza, iko njiani. Ilinitoka haraka, tena kwa sauti ya kupendeza, ile ya kuwasemesha watoto. Akaridhika. Pini ilikuwa kwenye mkoba wangu, ghorofa moja juu ya kichwa chake.

Mara ya pili nikasema imevunjika, fundi anachonga nyingine. Mara ya tatu nikarudia ya kuagiza, nikaongeza theluji na magari kuchelewa. Mume wangu aliponiona nimekosa raha alisema kwa wema kabisa: si anasahau? Ndiyo, anasahau. Lakini mimi sisahau. Kwake ulikuwa uongo mmoja, tena mpya kila wiki. Mimi nilikuwa naubeba wote kwa pamoja, na kila Jumamosi ulikuwa unaongezeka kilo. Kwa mama yangu kumtazama tu baba mkwe machoni ni kosa. Mimi nilikuwa namtazama machoni na kumdanganya.

Mara ya tano nikamwambia ukweli. Nilimwambia ana ugonjwa, kwamba daktari alisema bunduki isiweze kulia, kwamba pini ninayo mimi. Hakupaza sauti. Aliweka boliti mezani, akafuta mikono, akapanda ngazi akishika ukuta. Hakula mchana. Mama mkwe aliniuliza kwa macho nimefanya nini, na nilipomweleza alivua miwani akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema angependa nisingefanya.

Wiki iliyofuata akashuka mchangamfu, tukapokea meli ya Roosevelt, tukafika kwenye boliti. "Pini iko wapi?"

Nikamwambia tena ukweli. Safari hii alitazama mikono yake. "Nimefanya kitu kibaya?" aliuliza. "Nimemwumiza mtu?" Nikamwambia hapana, Mzee, hujamwumiza mtu. Aliniuliza mara tatu. Wiki ya saba nilijaribu tena, kwa sababu nilishajiapiza, na yeye akacheka mpaka akakohoa: akasema mke wake ni mwanamke mwenye akili, na kama ni yeye angeficha na bisibisi. Laiti ningejua ni Jumamosi ipi itakuja na Mzee yupi. Wiki ya nane, alipoinua boliti, nilimwona usoni ni yule wa mikono, yule wa "nimemwumiza mtu". Nikasema imeagizwa, iko njiani.

Nimewasikia watu, tena wasomi, wakisema mgonjwa wa namna hii aambiwe ukweli siku zote kwa kuwa ni mtu mzima. Nimewasikia wengine wakisema adanganywe tu, ndiyo huruma. Wote wanazungumza kana kwamba swali linaulizwa mara moja.

Kitako tulikipaka mafuta ya kitani, mkono mtupu, kusugua mpaka kiganja kipate moto, kusubiri siku kadhaa na kurudia. Mjozi ni mti wa kahawia ya kawaida mpaka mafuta yaingie, ndipo mistari inapotokea kama maji yanayotiririka. Kulikuwa na alama mbili za kisu karibu na mwisho wa kitako ambazo hakukumbuka zinahesabu nini. Tuliziacha.

Jumamosi ya kumi na moja tuliimaliza. Skrubu ndefu ya mwisho, inayopita shingo ya kitako kutoka juu, aliikaza mwenyewe. Akasimama, akaelekeza mtutu ukutani, akachungulia chemba ingawa hatukuwa na risasi hata moja ndani ya nyumba, akasukuma wenzo. Sijui niuite nini mlio ule. Chuma kilichotiwa mafuta kinasema mara mbili, cha pili kizito kuliko cha kwanza. Akavuta kifyatulio. Nyundo ikaanguka.

Akainamisha kichwa, kama mtu aliyesikia noti moja kinandani imetoka vibaya. Akasukuma tena, akavuta tena, akasikiliza. Kisha akanitazama.

"Haina pini," alisema. Hakuuliza.

"Haina, Mzee."

Akanipa kitambaa chenye mafuta, nifute alama za vidole vyetu, maana jasho ndilo linaloleta kutu. Akaenda juu kula.

Msimu wa bunduki Wisconsin ni siku tisa, huanza Jumamosi kabla ya sikukuu ya Shukrani. Asubuhi ya kwanza tulimvalisha koti lake la rangi ya chungwa na kofia yake, tukamweka kwenye kiti kibarazani nyuma ya nyumba, blanketi magotini, bunduki juu ya blanketi. Mama mkwe alikuwa dirishani na kikombe chake. Mimi nilikaa kwenye ngazi, karibu na goti lake. Huko mbele shamba la mahindi lilikuwa limeshavunwa, mabua yamebaki, na nyuma yake mstari wa miti.

Akatokea jike mmoja. Ni mnyama ambaye Biblia yetu humwita ayala, neno nililoliimba utoto wangu wote bila kujua lina miguu. Alitoka mitini taratibu, anachagua punje zilizodondoka kati ya mabua. Mzee aliniwekea mkono begani, ninyamaze, ingawa nilikuwa nimenyamaza. Bunduki ikapanda. Sikuwa nimeona mikono yake ikitulia hivyo kwa mwaka mzima. Akashusha pumzi nusu, akaishikilia.

Nyundo ikaanguka.

Ayala aliinua kichwa, masikio mbele, akatutazama. Kisha akarudi kwenye punje zake.

"Nimemkosa," alisema Mzee.

Nyuma yangu nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kioo cha dirisha. Nikasema alikuwa mbali.

Akasukuma wenzo, tumbo la bunduki likafunguka na kufunga. Akangoja kidogo, akatazama chini upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akaweka blanketi pembeni, akainama polepole kutafuta ganda kwenye mbao za baraza, nami nikainama kumsaidia.